Nikisema "nakula mboga tu" naletewa nyama. Nyie mnaoishi bila nyama hapa Mbeya, mchana mnakula nini?

Spana17

Wakuu salaam, na shikamoo kwa waliotangulia.

Mimi ni fundi wa malori, gereji yetu iko Iyunga, kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia. Tangu mwezi wa saba sijagusa nyama, kuku wala samaki. Maziwa nakunywa, mayai mara mojamoja. Sijabadili dini, sijalogwa, na hali ya mfuko ni ile ile ya siku zote. Nayasema mapema kwa sababu kila ninayemweleza huanza na hayo matatu.

Kilichonipata ni kidole. Kidole gumba cha mguu wa kulia. Jumapili moja tulimuaga jamaa yetu anayehamia Tunduma, kitimoto cha kutosha, bia za kutosha, nikarudi nyumbani salama. Saa nane usiku nikashtuka nikidhani nge kaniuma. Nikawasha taa: kidole kimevimba, chekundu, kinang'aa kama nyanya ya Ilula. Shuka ikikigusa tu naona nyota. Baba wa watoto watatu nikalala mguu mmoja nje ya blanketi, Julai, Mbeya. Wanaoijua Julai ya hapa wataelewa kwamba sikulala.

Hospitali wakapima damu wakasema ni jongo, asidi ya yuriki imepanda. Daktari akasema nipunguze nyama nyekundu, maini, dagaa na pombe. Alisema nipunguze. Mimi najijua, kupunguza siwezi ila kuacha naweza, hata sigara niliacha hivyo hivyo. Nikaacha vyote siku moja, na kwa bahati kidole kikatulia.

Sasa shida yangu ni chakula cha mchana. Gerejini hatuna jiko, tunakula kwa mama ntilie. Siku ya kwanza nikamwambia, "Mama, siku hizi nakula mboga tu." Akacheka: "Sasa baba, nani anakula ugali mkavu? Mboga zipo. Nyama, kuku, sangara, maharage." Nikaona Kiswahili chenyewe kimeniangusha, maana kwetu mboga ni chochote kinachoshushia ugali. Nikajirekebisha, nikasema mboga za majani. Akanipakulia figiri. Kijiko cha pili nikatoa kipande cha utumbo. Akasema, "Hicho cha kutia ladha tu, kiweke pembeni."

Nikakimbilia maharage. Wiki mbili nimekula maharage kwa amani, matamu kweli, mpaka siku niliyowahi saa nne nikamkuta anamimina mchuzi wa nyama wa jana kwenye sufuria ya maharage. Wala hakujificha. Kwake lile si kosa, ni upishi.

Tangu hapo nakula chipsi kavu na kachumbari, siku nyingine chipsi mayai. Tumbo limekua lakini nguvu hakuna. Ikifika saa kumi, nimelala chini ya semitrela nashusha giaboksi, mikono inaanza kutetemeka. Juzi nati imenichoropoka ikanipiga kwenye jino. Utingo wa lile lori akaniuliza kama nimefunga.

Nyumbani mke wangu anajitahidi, ila ni mchicha leo, chainizi kesho, keshokutwa mchicha tena. Watoto wameanza kuniita Mzee Majani.

Naomba uzoefu wenu. Mchana mnakula nini kinachokaa tumboni mpaka jioni, na mnakibebaje? Halafu kuna jambo linaninyima usingizi kuliko kidole: mwisho wa mwezi naenda ukweni Tukuyu. Mama mkwe wangu hajawahi kunipokea bila kuchinja, na firigisi ni ya kwangu, inawekwa juu ya sahani peke yake ili kila mtu aione. Hiyo naikwepaje?

Ngosi_wa_Uyole

Mkuu, unaishi Mbeya unalilia chakula cha shamba? Huku Uyole viazi tunavipanga barabarani mpaka vinaota macho. Rudi kwenye kitimoto, ukifa ufe umeshiba.

Spana17

Nitakuletea kidole ukishike, halafu urudie hayo maneno.

MamaKabwe

Baba Spana, pole na mguu. Mimi siye huyo mama yako, ila kazi yetu ni moja. Nauza chakula Kabwe mwaka wa tisa sasa. Usimchukie, ngoja nikutolee siri ya jikoni.

Maharage hapa yana gharama kuliko mnavyodhani, na gharama yenyewe ni mkaa. Nilipokaa Dar kwa dada yangu nilikuwa nabandika maharage, nafua nguo, nikirudi yameiva. Nilipohamia huku nikaona nimerogwa. Yanachemka, yanachemka, ukibonyeza bado magumu katikati. Mwanangu wa sekondari ndiye aliyenifungua macho: Mbeya tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 94, hayafiki 100 ya Dar. Unaona povu unadhani moto ni mkali, kumbe maji yenyewe hayajapata joto la kutosha. Kwa hiyo chakula kinakaa jikoni muda mrefu zaidi na debe la mkaa linakwisha.

Sasa mama ana wateja sitini saa sita kamili. Maharage hayajalainika, hayajatoa rojo, mchuzi ni maji matupu. Anafanyaje? Anachukua mchuzi wa nyama uliobaki anamimina. Rangi inakuja, uzito unakuja, wateja wanasifia. Wewe mwenyewe umesifia hapo juu.

Ukitaka maharage ya kweli bila nyama, fanya kama ninavyowafanyia watoto wangu. Uliza maharage ya njano, pale Soko Matola yapo, Mwanjelwa yapo. Yanaiva upesi kuliko yale mekundu makubwa na rojo lake zito lenyewe. Angalia yawe mapya, ya msimu huu. Yaliyokaa ghalani mwaka mzima hata uyachemshe na ibilisi hayalainiki. Loweka usiku, asubuhi mwaga yale maji, tia mengine. Acha yachemke kwa nguvu kwanza, maana maharage mabichi katikati yanatapisha, hilo si la mchezo. Nyanya usitie mpaka yameiva kabisa. Ukitia nyanya mapema ile chachu yake inayakaza, utakesha. Yakishaiva, chota upawa mmoja, yaponde kwa mgongo wa mwiko ubavuni mwa sufuria, rudisha. Hapo ndipo rojo linapotoka. Kisha kaanga kitunguu mpaka kiwe kahawia ya kweli, siyo kile cha kuoneshwa moto tu, tia nyanya, tia karoti uliyokwaruza, mimina maharage, malizia na karanga za kusaga ulizokoroga kwa maji ya uvuguvugu. Karanga koroga mfululizo, zinashika chini.

Na huyo mama yako mwambie hivi. Mimi nina mteja Mhindi mwenye duka la spea, tangu azaliwe hajala nyama, na yeye kitunguu pia hali. Alikuja na sufuria yake ndogo na mwiko wake, akaniambia, "Mama, hii yangu peke yangu, nakulipa kwa wiki, pesa mbele." Niliona usumbufu, lakini hela ya wiki nzima ikishikwa Jumatatu asubuhi, usumbufu unapungua. Mwaka wa nne huu sufuria yake naitundika ukutani, hakuna anayeigusa. Peleka sufuria yako. Maneno matupu ya "usiniwekee nyama" yanasahaulika saa sita wakati foleni imefika mlangoni.

MzeeNzovwe

Mnampoteza kijana wa watu. Maharage yenyewe yanaleta jongo, mimi niliambiwa hivyo zamani. Ale ugali na chumvi.

DadaMafinga

Kamwene wote.

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la maharage nawaachia wataalamu, mimi niseme niliyoyaishi. Kwetu ni Wasabato, baba na mama waliacha nyama kabla sijazaliwa. Nimelelewa bila nyama, nikasoma bweni bila nyama, nikazaa wawili bila nyama, na mashambani Mufindi nimebeba magunia kama wenzangu.

Kaka Spana, shida yako naiona. Umeitoa nyama kwenye sahani, pale ilipokuwa umeacha shimo, halafu umelifukia kwa chipsi. Mchicha ni mzuri lakini mchicha haubebi giaboksi.

Chakula chetu cha safari na cha shamba ni kande. Najua utasema kande ni chakula cha shule, wengi wana kinyongo nayo kwa sababu walipewa iliyojaa wadudu na haina hata kitunguu. Kande ya nyumbani ni kitu kingine. Mahindi yaliyokobolewa nusu, maharage nusu, vyote vimelala kwenye maji usiku kucha. Napika jioni wakati moto wa chakula cha usiku upo, nakiacha kwenye makaa yanayofifia, nimefunika, asubuhi naongeza moto kidogo tu. Kuna siku natia karanga, siku nyingine maziwa ya soya, siku nyingine parachichi nalikata juu yake wakati wa kula. Ukiweka kwenye hotipoti saa kumi na mbili na nusu asubuhi kikiwa cha moto kabisa, saa saba bado kinatoa mvuke. Hotipoti yenyewe ianze kwa maji yanayochemka, uyamwage, ndipo utie chakula. Wengi wanatia kwenye hotipoti baridi halafu wanailaumu.

Sasa soya, hapa nitakaa kidogo maana watu wanaiharibu. Soya mbichi usiisage tu ukatia kwenye uji wa mtoto, kama wanavyofanya wengi. Inaleta gesi na tumbo halisagi vizuri. Iloweke usiku, asubuhi ichemshe kama nusu saa, ifikiche maganda yatoke, ianike ikauke, iikaange kidogo, ndipo uipeleke mashineni. Kwa maziwa yake: kikombe kimoja cha soya iliyokauka, iloweke, ioshe, isage kwenye blenda na maji vikombe sita kidogokidogo, ichuje kwa kitambaa safi cheupe. Mimi nina kipande cha kanga ya zamani nilichokifua mpaka kimepoteza maneno yote. Yale maji meupe yachemshe robo saa au zaidi bila kuondoka jikoni. Nasema bila kuondoka. Siku ya kwanza nilitoka kidogo kwenda kumpokea mgeni mlangoni, nikarudi povu limefurika limezima jiko la mkaa, majivu yamerukia ukutani, na paka ameshafika. Weka tangawizi au mchaichai ikichemka, ile harufu ya soya inakwisha.

Makapi yanayobaki kwenye kitambaa usitupe. Yakoroge na viazi vya kuponda, kitunguu, pilipili hoho, unga wa ngano kidogo, finyanga, kaanga. Watoto wangu wanakimbilia hizo katlesi kuliko mandazi. Nne za hizo na ugali wa dona, nakuhakikishia saa kumi utakuwa unaimba chini ya lori.

Na sasa hivi mvua zikianza kuna uyoga. Ukipita barabara ya Mafinga kuja Iringa utawaona watoto wameuinua kwenye vibakuli kando ya lami. Nunua kwa akina mama wanaoujua, usiokote mwenyewe. Ukaange na kitunguu mpaka maji yake yakauke, utie karanga. Siku hiyo hata ambaye hajaacha nyama haulizi nyama.

Spana17

Dada, nimesoma mpaka mate yamenitoka na niko kazini. Katlesi hizo leo leo namtumia mke wangu.

RasTukuyu

Heshima kwenu. Ndaga fijo kwa mama wa Kabwe kutuambia ukweli.

Mimi mwaka wa kumi na moja huu sili nyama, samaki, mayai wala maziwa. Niko Tukuyu, nalima kidogo, nauza parachichi. Fundi, unakuja ukweni kwetu huku halafu unaogopa njaa? Mwambie mama mkwe akupikie mbalaga. Ndizi mbichi zilizomenywa, maharage yaliyokwishaiva, zinapikwa pamoja mpaka ndizi zinaanza kulainika kingo na mchuzi unakuwa mzito. Wengine wanatia maziwa, mimi natia karanga. Kisha magimbi ya kuchemsha asubuhi na chai. Parachichi usinunue zile za kusafirishwa nje peke yake, za kienyeji kubwa zenye maji ni rahisi na kwenye kande zinafaa vizuri. Mimi naponda moja na chumvi na limau, napaka kwenye kiazi cha moto. Ndiyo siagi yangu.

Sasa nikwambie kitu ambacho wewe hasa unaweza kukutana nacho, kwa kuwa malori ya Zambia yanapita mikononi mwako. Madereva wao watakuonesha chikanda. Huku kwetu tunaita kikande. Ni viazi vidogo vya maua ya okidi yanayoota juu huko Kitulo na nyanda zake. Vinakaushwa, vinatwangwa, vinapikwa na unga wa karanga, pilipili na magadi mpaka vinagandamana, unakata vipande kama soseji kubwa. Mara ya kwanza kula nilitema. Nilidhani nimedanganywa, ni nyama. Inafanana kiasi hicho.

Lakini mimi siinunui tena. Lile ua ukilichimba kiazi umeliua, halirudi, na wachimbaji walipanda mlima na magunia. Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na maua hayo yalikuwa sababu kubwa. Niliacha nyama kwa kuonea huruma kilicho hai, nisingeweza kung'oa bustani nzima ili nipate ladha ya soseji. Karanga, maharage na ndizi vinanitosha.

Jingine, na hapa Marasta wenzangu watanisuta: meza kidonge cha vitamini B12 kama utafika nilipofika mimi. Majani hayana hiyo kitu, hata ule shamba zima. Nilijisifu miaka minne kwamba ardhi inanipa kila kitu. Mwaka wa tano ganzi zikaanza kwenye nyayo, nasahau nilikoweka panga. Zahanati wakanipa sindano, sasa nameza kidonge. Wewe unayekunywa maziwa na kula yai uko afadhali.

Kuhusu firigisi. Piga simu mapema. Ukikataa sahani imeshawekwa mbele yako, umemdharau mama wa watu mbele ya wanawe. Ukizungumza wakati kuku bado anatembea uani, hiyo ni taarifa tu. Na usimtume mke wako aseme. Sema mwenyewe, na taja ugonjwa, usitaje falsafa.

Nesi_Forest

Naingia kidogo kwa ajili ya Mzee Nzovwe, shikamoo mzee. Zamani wagonjwa wa jongo waliambiwa waache pia maharage na uyoga, kwa hiyo hukudanganywa, ndivyo ilivyofundishwa. Baadaye ikaonekana kwamba vya mimea havipandishi hatari ya jongo kama nyama, maini, dagaa na bia vinavyofanya. Fundi ale maharage yake, anywe maji ya kutosha, na kama daktari alimwandikia dawa asiiache eti kwa sababu sasa anakula majani. Kurudi kupima ni lazima.

Nguvu anayolalamikia kuikosa, hesabu yake ni hii: gramu 100 za maharage makavu zina protini kama gramu 22, karanga kama 25, soya inafika 36. Chipsi haikaribii hapo.

Kosa moja ninaloliona kila siku wodini na mitaani hapa ni chai. Watu wa Mbeya tunakunywa chai ya rangi na chakula chenyewe, kikombe mkono wa kushoto, tonge mkono wa kulia. Chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mnavu. Kwa anayekula nyama hasara ni ndogo, kwa asiyekula ni kubwa. Chai ikae saa moja mbali na mlo. Kwenye mlo kamulia limau, au kula chungwa. Hiyo inasaidia kinyume chake.

Ngosi_wa_Uyole

Nesi, na supu ya viazi je? Nauliza kwa niaba ya rafiki. Uric asidi ya huyo rafiki imesoma juu wiki hii.

Nesi_Forest

Mwambie rafiki aje, foleni ni fupi asubuhi.

Spana17

Wakuu, nimerudi. Wiki tatu zimepita, niliahidi mrejesho.

Sufuria nimepeleka. Nilinunua ndogo ya lita mbili, nikaikwangua jina langu chini kwa msumari. Mama ntilie aliitazama kama nimemletea mtoto wa kulea. Nikaweka pesa ya wiki mezani, akaichukua, na sasa ananiita "baba sufuria". Siku ya tatu nilikuta maharage yana mng'ao ule wa zamani, nikamtazama, akasema kabla sijauliza, "Ni karanga hizo, baba, kula." Nikala. Zilikuwa karanga kweli.

Kande ya kwanza tuliiharibu. Mke wangu aliamini hotipoti itamalizia kuivisha maharage yaliyoiva nusu. Haikumalizia. Siku ile nilikuwa na injini wazi na tumbo wazi, sitasema zaidi. Tuliporudia kwa njia ya Dada Mafinga, na hotipoti ikaoshwa kwanza kwa maji ya moto, ikakubali. Sasa Jumanne na Alhamisi nabeba. Vijana wawili wa gerejini wamenunua hotipoti zao, wanasema ni kwa sababu ya bei, kwa mama ntilie sahani ni 2,500. Sijabishana nao. Chai naiacha mpaka saa tisa, hapo ndipo kuna mateso ya kweli. Nyama siikumbuki hivyo.

Mikono haitetemeki tena.

Tukuyu. Nilipiga simu Jumatano, mwenyewe, nikiwa nimejificha nyuma ya trela ili vijana wasisikie. Nikamsalimu mama, nikauliza hali ya mvua, nikauliza ndizi, nikauliza migomba iliyoangushwa na upepo, mpaka akaniuliza yeye, "Mwanangu, una shida gani?" Nikamweleza kidole. Kidole tu, kama Ras alivyosema. Akanyamaza nikadhani salio limeisha. Kisha akasema marehemu mzee wake alikuwa nacho hicho hicho, kidole hicho hicho, na alikuwa anakipigia kelele usiku watoto wakilia. "Na mimi nikawa namchinjia kuku apone haraka," akasema, kisha akacheka peke yake kwa muda mrefu, kicheko ambacho sikujua nikijibuje.

Nilipofika nilikuta mbalaga, sufuria kubwa, maharage yamepondeka, ndizi zimeshika rangi ya mchuzi. Shemeji zangu walikula wakiangalia mlango wa jikoni, bado wana matumaini. Hakuna kilichotoka. Mmoja wao amenikasirikia mpaka leo.

Asubuhi tunaondoka, mama akatoka nyuma ya nyumba na tetea mwekundu, miguu imefungwa kwa ukili wa mgomba. Akaniwekea mikononi. "Firigisi yako hiyo," akasema, "iko ndani yake bado, itunze." Nimesafiri nae kwenye kosta mpaka Mbeya, kichwa amekitoa chini ya koti langu, kila abiria ananiuliza namuuza bei gani.

Yuko nyuma ya jiko. Hajataga bado.